Nyumba Isiyo na Kisu

Nitakutegea kitendawili kimoja kabla sijaanza. Nina mfalme wangu: hana jino, hajui kutembea, hajui kusema, lakini watu wazima wa nyumba nzima wanamkimbilia na matambara mkononi. Umeshajua. Ni mtoto mchanga. Wa kwetu tulimwita Bosi, kwa sababu tangu siku ya kwanza alikuwa anakunja uso kama mtu aliyefika ofisini akakuta hakuna aliyefanya kazi.

Bosi ni mtoto wa mwanangu, ambaye ni fundi bomba, na mkewe, ambaye ni msusi. Mwanangu si mtu wa maneno, na kila jambo la dunia hii kwake ni bomba. Ukimwambia kichwa kinauma, atakuuliza kilianza upande gani na kama kinadondosha. Mkewe alikuwa kinyume chake kabisa. Msusi yule alikuwa anakusuka kichwa kizima huku anakupa habari za mtaa, nani kaolewa, nani kaachika, nani karudiana, na ukija kusimama mbele ya kioo umependeza na una elimu. Mimi nilimpenda zaidi kwa jambo moja: alikuwa hashindwi kitendawili. Nilikuwa natega nikiwa jikoni, anategua akiwa bafuni na sabuni machoni. Tangu aolewe hakuwahi kunipa mji hata mmoja.

Alipojifungua nikahamia kwao nimsaidie. Wifi yangu naye akahamia. Huyu ni dada wa marehemu mume wangu, na watu wote humwita Shangazi, hata wale wasio na undugu naye wa karibu wala wa mbali. Hakuna aliyemwalika. Shangazi haalikwi, anatokea, kama mvua, na kama mvua hasemi ataondoka lini. Alikuja na begi moja la nguo, na maoni ya kujaza lori.

Haukupita muda, kisu cha jikoni kikapotea.

"Nilikiacha hapa juu ya ubao, kando ya kitunguu," Shangazi akasema. Kitunguu kilikuwepo. Kisu hakikuwepo. Tukainua masufuria, tukasogeza jiko, tukatikisa gunia la mkaa mpaka tukawa weusi wote. Mwanangu akanunua kingine, chenye mpini mwekundu ili kionekane kwa mbali. Nacho kikaenda. Kile kidogo cha kumenyea viazi kikafuata. Halafu mkasi.

Shangazi alikuwa na jibu. "Ni paka wa jirani."

"Paka anafanya nini na kisu, wifi?"

"Sijui. Lakini yule paka ana macho ya mtu mwenye mipango."

Baadaye akamwacha paka, akahamia kwa mwenye paka, mama wa nyumba ya pili, mwanamke mpole ambaye kosa lake lilikuwa kuazima kitunguu kwetu akarudisha kilicho kidogo kuliko kile. Shangazi akawa anasimama ukutani asubuhi na kuliambia anga: "Wako watu wanakata nyama kwa visu vya wenzao, na nyama inawashuka vizuri tu."

Kupika kukawa sarakasi. Kabichi tuliikata kwa uzi. Nyanya tulizikata kwa kifuniko cha kopo. Kitunguu, Shangazi alikiweka kwenye bawaba ya mlango wa jikoni akaufunga mlango kwa kishindo. Mlango ule ulilowa maji ya kitunguu hata kila aliyepita akawa anatokwa na machozi, na wageni waliokuja kumwona mtoto wakasema hawajaona familia yenye furaha kiasi kile. Siku ya nyama, mwanangu alileta msumeno wake wa kukatia bomba. Akapima kwa futi kwanza. Vipande vikatoka sawasawa kama vimetoka kiwandani.

"Nyama ina ladha ya chuma," Shangazi akasema.

"Msumeno ni mpya," mwanangu akajibu, akaendelea kutafuna.

Tulicheka wote isipokuwa msusi. Yeye alikuwa amekaa kando ya kitanda cha Bosi, kiganja chake kimewekwa chini ya pua ya mtoto, anapima pumzi. Hivyo ndivyo alivyokuwa asubuhi, na hivyo ndivyo tulivyomwacha tulipokwenda kulala. Alikuwa ananawa mikono, anaifuta, anasahau kama amenawa, ananawa tena, mpaka ngozi ya vidole ikapasuka kama udongo wa kiangazi. Chupa ya mtoto aliichemsha ikabadilika umbo, ikawa imeinama upande kama mlevi.

Na sisi tulikuwa tunamsifu. Hilo ndilo nataka ulisikie vizuri. Shangazi alikuwa anawaingiza wageni chumbani kwa zamu, anawaonyesha. "Huyu halali. Tangu azae hajafumba jicho. Mama wa namna hii hawazaliwi tena." Wageni wanatikisa vichwa, wanasema hongera. Akikataa chakula, Shangazi anasema umbo limerudi haraka, wengine wanahangaika na mazoezi. Akilia, Shangazi anasema maziwa yakifunguka na machozi hufunguka. Mwanangu naye kazini alikuwa anajitapa kwa mafundi wenzake kuwa mke wake ni kama mita ya maji, haisimami mchana wala usiku. Na sisi tulilala vizuri mno, kwa sababu kuna mtu alikuwa halali kwa niaba yetu.

Mimi kilichonishtua ni yai. Siku moja nilikuwa nakunja nepi, nikamwambia, "Kitendawili."

Alichelewa. "Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

Hicho hata mtoto wa chekechea anakujibu huku anakula. Aliniangalia kama ninayesema naye kutoka upande wa pili wa ukuta. Akasema, "Chukua mji, mama."

Chukua mji. Kwa yai. Nikaziweka nepi chini, nikamtafuta mwanangu, nikamkuta uani anasafisha spana.

"Mkeo anaumwa," nikamwambia.

"Inavuja wapi?"

"Haivuji. Imeziba."

Akaacha spana. Nilijua hilo litamwingia. "Iliyoziba ndiyo mbaya," akasema, akaenda chumbani. Akarudi baada ya muda mfupi, ameridhika. "Nimemuuliza kama anaumwa. Amesema hapana."

"Na wewe bomba likiziba, huwa unaliuliza?"

Akarudi kwenye spana zake, na mimi sikuwa na dawa. Tukabaki hivyo, kila mtu anazunguka mle chumbani anajikohoza.

Siku ya wageni wa kazini kwa mwanangu, sebule ilijaa. Hata jirani mwenye paka alikuja, nadhani alikuja kusikia ameiba nini tena. Shangazi alikuwa ndiyo kwanza ameanza, "Katika nyumba hii, ndugu zangu, kuna maajabu ya visu," tukasikia kengele ya baiskeli mlangoni.

Alikuwa mnoa visu, mzee mwembamba anayepita mtaani na jiwe lake la kunolea limefungwa kwenye baiskeli. Mkononi ana furushi la gunia.

"Hodi. Nimemletea mama wa nyumba hii vitu vyake."

Akafungua gunia juu ya meza, katikati ya vikombe vya chai. Visu vyote vilikuwa pale. Cha mpini mwekundu, cha viazi, mkasi, na kimoja ambacho hata hatukujua kama kilipotea. Vinang'aa mpaka vinaumiza macho.

"Aliniita dirishani, akanipa kimoja kimoja," mzee akasema. "Akaniambia, noa, na usirudishe mpaka nikufuate mwenyewe. Nikanoa. Hakuja. Nikanoa tena. Nimenoa mpaka vimekuwa vyembamba, nikiendelea vitaisha mkononi. Hiki kinakata unywele uliosimama. Hiki hapa," akakisogeza kwa kidole kimoja, "hiki mimi mwenyewe nakiogopa."

Jirani akanywa chai yake taratibu. "Kumbe paka wangu anaweza kutoka nje sasa," akasema.

Shangazi akaanza kumimina chai kwenye vikombe vilivyokuwa vimejaa. Mimi sikuangalia hayo. Nilikuwa namwangalia msusi, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa chumba na Bosi mikononi. Aliiona ile meza. Uso wake ukaisha rangi. Akaja moja kwa moja kwangu, akanitwika mtoto kama mtu anayetua sufuria ya moto, akapita jikoni, akatoka nje. Nami nikamtwika mwanangu. "Shika," nikamwambia, nikamfuata mkewe.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, chini ya kamba ya nguo. Mikono yake ameibana kwapani, kama ameifunga. Nikakaa kwenye jiwe la kufulia. Nepi zilikuwa zinatupiga usoni kwa upepo, moja ikinipiga mimi, moja ikimpiga yeye.

"Mama," akasema mwishowe. "Kitendawili."

"Tega, mwanangu."

"Nakikimbia kutwa, na kila ninakofika nakikuta kimeshafika, kwa sababu kinakaa kichwani mwangu."

Nilitaka sana kumsaidia. Nikafikiria kichwa, nikafikiria kazi yake, nikafikiria wateja wake. "Chawa," nikasema.

Akageuka akaniangalia. "Mama. Mimi ni msusi."

"Ndiyo maana nasema. Kazini mtu anaokota."

Mdomo wake ukacheza, kicheko kikamtoka, cha kweli, cha tumboni. Lakini kilipofika katikati kikageuka kikawa kilio. Nikamwacha alie. Nilimshika mgongo tu, nikawa namkanda kama unga.

"Nipe mji," akasema ndani ya kilio.

"Chukua. Chukua na vijiji vyake."

"Ni wazo, mama. Nikishika kisu, naona picha. Naona mkono wangu huu unamfanyia Bosi kitu kibaya. Sitaki. Sina hasira naye hata kidogo. Inaingia tu, kama mtu asiyepiga hodi. Ndiyo nikavitoa visu nyumbani. Basi ikaja picha ya beseni la maji. Ikaja ya dirisha." Akajifuta kwa bega, mikono bado iko kwapani. "Sasa madirisha nimpelekee nani akanoe?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikashindwa vyote viwili. "Kwa nini hukusema?"

"Niseme kwa nani? Kila anayeingia ananipa hongera. Nikisema, mtanichukulia mtoto, mtasema nina wazimu." Nepi ikampiga usoni, hakuiondoa. "Nimepanga niondoke, mama. Wageni wakiisha. Nimwache kwenu awe salama, mbali na mimi."

Nikamtazama. Alikuwa hatishii. Alikuwa anasema kama mtu anayesema kesho atafua.

Mimi nimetega vitendawili maisha yangu yote, na elimu yangu ni ya shule ya msingi, na hapo niliona nimefika mwisho wa vyote viwili. Nikamwambia ukweli. "Hiki sina jibu lake. Lakini kuna mtu ambaye kazi yake ni majibu ya namna hii. Kesho tunakwenda kwa mkunga. Mpe kesho moja tu, halafu ndiyo upange mambo yako."

Akafikiri sana. "Twende wawili tu. Shangazi asijue."

"Hatajua."

Shangazi alijua kabla ya chai ya asubuhi. Nilimkuta sebuleni amevaa nguo za kutokea, na chupa ya chai kwapani. Alisema ameota tunakwenda kliniki. Mwanangu naye hakwenda kazini, akasimama mlangoni na mfuko wa nepi begani na mfuko wa spana bega la pili, maana bila spana huwa hatembei. Msusi akaniangalia kwa jicho la kusema, ule mji niliokupa naudai. Tukaondoka kama msafara wa bwana harusi.

Kliniki ile ina mabenchi marefu, kuta zilizopakwa rangi hadi usawa wa bega tu, na mizani ya kuning'iniza watoto wanaolia kwa zamu. Tulipoitwa tukaingia wote, mpaka mlango ukagoma kufunga. Mkunga alikuwa msichana mfupi, kalamu amechomeka kwenye nywele, sauti yake ya chini kama anayeongea karibu na mtoto aliyelala.

"Nani anaumwa?" akauliza.

"Hakuna mgonjwa," Shangazi akasema. "Tumekuja kukusalimia."

Mkunga akamgeukia msusi. "Mama, unalala?"

"Halali kabisa," Shangazi akasema. "Hodari."

"Unakula?"

"Kama ndege. Umbo hilo, unaliona."

"Siku hizi umecheka, mama?"

"Ana adabu zake, hachekicheki ovyo."

Mkunga akamtazama Shangazi kwa heshima, kama unavyolitazama lori lililoharibika katikati ya barabara, ukiwaza utalipitia wapi. Kumbe pale wana utaratibu wao. Msindikizaji hafukuzwi, anapewa kazi.

"Baba," akamwambia mwanangu, "sinki la chumba cha pili linadondosha." Mwanangu alikuwa ameshafika mlangoni. Tangu tuingie alikuwa amelisikia, anateseka.

"Shangazi, pale nje foleni imeharibika. Wanahitaji mtu mwenye sauti."

Shangazi akatoka kama aliyeteuliwa kuwa waziri. Tukamsikia hapo hapo: "Wewe mwenye mtoto wa kofia, rudi nyuma. Na huyu ni mtoto au mumeo? Kama ni mumeo, asimame."

Mkunga akanigeukia. "Na wewe, bibi."

"Mimi nitakaa kimya."

"Wote huwa wanasema hivyo."

Msusi akanishika nguo. "Abaki," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza mle ndani. Mkunga akaniwekea kiti nyuma, mbali, na kunionyesha kidole chake mdomoni. Nikajibana.

Akavuta kiti chake akakaa karibu na msusi, magoti karibu kugusana. Hakuuliza haraka. Alimwuliza habari za ujauzito, na msusi akasema hata mtoto akiwa tumboni alikuwa akisikiliza anavyocheza, na mtoto akitulia kidogo tu yeye anakunywa maji baridi ili amwamshe. Mkunga akatikisa kichwa, anaandika kidogo, anasikiliza sana. Kisha akauliza, "Kuna kitu kinakutisha, mama?"

Msusi akafungua kinywa. Na mlango ukafunguka.

"Foleni imenyooka," Shangazi akasema. "Kutishika? Hakuna. Ukoo wetu hatutishiki."

Nilifumba macho. Nilijua amekwisha kuifunga ile njia, na kuifungua tena itakuwa kazi. Nikawaza furushi la nguo ambalo pengine limeshafungwa chini ya kitanda.

"Shangazi," msusi akasema. Hakupaza sauti. "Nimeulizwa mimi."

Shangazi akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye kiti kingine cha ofisi, cha magurudumu, kikamrudisha nyuma taratibu mpaka ukutani. Akatulia huko. Na msusi akasema. Akasema kisu, akasema beseni, akasema dirisha, akasema mpango wa kuondoka. Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono ya shati imelowa, spana mkononi, sijui tangu neno la ngapi.

Mkunga hakushtuka. Mimi nilikuwa namvizia ashtuke, nikaona kope haijatikisika. Akauliza mengine, pole pole. Unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii? Hapana. Kuna wakati unaona kweli unataka kumdhuru? Hapana, hapana kabisa. Umewahi kufikiria kujidhuru mwenyewe? Msusi akasema amefikiria kuwa mbali, si kufa. Mkunga akamshukuru. Kumshukuru mtu kwa maneno kama yale, mimi sikuwahi kuona.

"Sasa nisikilize," akasema. "Huu ni ugonjwa, una dawa, na wewe si wa kwanza kukikalia kiti hicho wiki hii. Akili yako imepewa kazi ya kumlinda mtoto, na imechoka, imekuwa kama mbwa wa ulinzi anayebweka hata jani likianguka. Mtu anayeogopa picha hizo mpaka anatoa visu nyumbani, si mtu anayetaka kufanya. Hatuchukui mtoto. Mtoto anabaki na mama yake. Kinachoondoka ni wageni."

Alisema daktari yuko chumba cha tatu na atamwona leo leo, kuna vidonge ambavyo anaweza kuvimeza huku ananyonyesha, na kuna mshauri wa kukaa naye kila wiki. Na usingizi, akasema, huo ni dawa, utolewe na watu wa nyumbani. Akatuonya pia: akianza kusikia sauti, au mambo yakigeuka akaona kweli anataka kufanya au kujidhuru, hatumwachi peke yake, tunamleta saa hiyo hiyo, hatungoji asubuhi.

"Itachukua muda gani kuzibuka?" mwanangu akauliza.

"Si siku moja, baba."

Akatikisa kichwa kifundi. "Kama mtu aliliachia likaziba siku nyingi, ukilisukuma kwa nguvu linapasuka." Kisha akamwangalia mkewe. "Mimi nilikuwa nawaambia watu hulali. Nikijisifu." Akampokea Bosi, akampakata juu ya lile shati lililolowa, na Bosi akakunja uso.

Kutoka ukutani, kwenye kiti cha magurudumu, Shangazi akasema, "Mimi nilifunga kisima."

Tukageuka wote.

"Nilipozaa wa kwanza. Nilikuwa nikikipita kisima chetu na mtoto, naona vitu. Nikakifunga kwa kufuli, ufunguo nikautupa kwa mama mkwe. Nikasema kuna wezi wa maji." Alikuwa anaongea na magoti yake. "Mtaa mzima nikaugombeza."

"Wifi," nikasema, "mbona miaka yote hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza. Na wangeniuliza, shangazi yangu angejibu."

Mkunga ndiye aliyecheka kwanza, kwa ndani, mabega yakitikisika, halafu msusi, halafu sote, hata Shangazi. Nje mtu akagonga, foleni ilikuwa imeshaharibika tena.

"Na wewe, shangazi," mkunga akamwuliza huku anajifuta macho, "siku hizi unalala?"

Shangazi akanitazama mimi, kama anayetaka nimjibie.

Nikikwambia mambo yalinyooka kuanzia hapo nitakuwa nakudanganya. Vidonge vilikaa kwanza bila kufanya kitu, na msusi akasema mkunga ni mwongo na daktari ni pacha wake. Kuna siku alirudi kutoka kwa mshauri akapita sebuleni bila salamu, akalala amegeukia ukuta na viatu vyake miguuni. Kuna siku nilimkuta tena na kiganja chini ya pua ya Bosi, nikakaa naye tu, tukapima pumzi pamoja, hata akachoka yeye kwanza. Visu vilikuwa kwa jirani mwenye paka, ambaye alivipokea kwa fahari ya mtu aliyesafishwa jina. Mshauri alisema virudi polepole, vikianza na kile kidogo, na msusi mwenyewe ndiye aseme lini. Kile kidogo kilirudi kikakaa mezani siku nzima, yeye akikizunguka kama mtu mwenye mgeni asiyemjua. Kesho yake alimenya kiazi kimoja. Tulikila wote wanne, kwa uma.

Nyumbani tukagawana zamu za Bosi. Shangazi alihamia mlangoni, na wageni wakapata taabu. "Mama analala," anawaambia.

"Tunataka kumwona mtoto tu."

"Mtoto ana mkutano."

Mchana mmoja nilikuwa napita na rundo la nguo za kupiga pasi, Bosi akaanza kulia sebuleni. Kilikuwa kile kilio chake cha kupanda ngazi, kila pumzi juu zaidi. Nilipofika kwenye chumba cha msusi, mlango ulikuwa wazi kidogo. Amelala ubavu, macho wazi, anasikiliza. Mkono wake ulikuwa umeshashika ncha ya shuka, tayari kuitupa.

"Zamu ya nani?" akaniuliza.

"Ya baba yake."

Tukamsikia mwanangu anaimba. Ule haukuwa wimbo, ulikuwa kama mtu anayeburuta meza. Bosi akapandisha ngazi nyingine.

"Anamshika vibaya," akasema.

"Vibaya sana."

"Kichwa anakiinamisha mno."

"Nimeona."

Mkono wake ukabaki pale kwenye shuka. Nilisimama na nguo zangu, sikumwambia lala, sikumwambia amka. Sebuleni meza ikaburutwa upande mwingine, kilio kikakatika, kikaanza, kikakatika tena.

"Atajifunza," msusi akasema. Akauondoa mkono kwenye shuka, akauweka chini ya shavu, akafumba macho.

Nikaurudisha mlango, lakini sikuufunga, maana kitasa chake kina kelele.